Fungu, Sado na Kilo: Kununua Matunda ya Msimu Barabarani, Kipalapala na Tabora

Mvua za kwanza zinaponyesha Tabora, mnamo mwezi Novemba, akiba ya mahindi katika nyumba nyingi huwa imepungua, na mavuno mapya bado yako mbali, Aprili au Mei. Ni katika kipindi hichohicho miembe huzaa. Kuanzia Novemba hadi Januari, kandokando ya barabara iendayo Kipalapala, katika masoko ya mji na karibu na stesheni ya reli, maembe hupangwa mafungu juu ya turubai, ndani ya mabeseni na juu ya meza za mbao. Kwa mpita njia hayo ni matunda ya kuburudisha koo. Kwa kaya nyingi za mji na za vijiji vya jirani, maembe ya shilingi elfu moja ndiyo chakula cha mchana cha watoto watatu au wanne. Mlaji anayefika nyumbani na kukuta nusu ya maembe aliyonunua yana funza, amepoteza mlo.

Sehemu hii ya kijitabu inaeleza mambo anayoweza kuyaangalia mlaji kabla ya kutoa fedha yake, na njia anazoweza kuzifuata mambo yanapoharibika. Haikusudii kumtia hofu mtu asinunue barabarani. Embe la barabarani Tabora aghalabu limechumwa jana au leo alfajiri, halijasafiri siku tatu ndani ya lori, na bei yake ni nafuu. Wala haikusudii kumfanya muuzaji aonekane mhalifu. Wauzaji wengi ni akina mama waliobeba beseni kichwani kabla jua halijachomoza, nao hupata hasara kubwa kuliko mnunuzi pale tunda linapooza.

Kipimo

Matunda ya barabarani huuzwa kwa fungu, kwa sado, kwa ndoo ya lita 20, kwa tenga na kwa gunia. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichohakikiwa kama kipimo. Fungu ni idadi aliyoipanga muuzaji asubuhi ile. Sado ni ndoo ndogo ya rangi, ya lita nne au karibu na hapo, ambayo kitako chake huweza kusukumwa ndani kwa moto bila kuonekana kwa mbali. Tenga hutofautiana kwa kadiri ya mkono uliolisuka. Kununua kwa namna hii si kosa la mlaji, na fungu lililopangwa wazi mbele ya macho ya mnunuzi si udanganyifu. Tatizo ni kwamba bei ya fungu haisemi chochote mpaka mlaji ajue ndani ya fungu mna chakula kiasi gani.

Tabora ina kumbukumbu ndefu ya mabishano ya vipimo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na wapagazi walilipwa posho ya nafaka kwa kibaba, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Nguo zilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kila mtu ana mkono wake, na kila kibaba kilikuwa na mchongaji wake. Hivyo mwenye chombo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Miembe mingi mikubwa inayoonekana katika njia ile ya zamani, Kwihara, Tabora na hadi Ujiji, ni alama iliyobaki ya biashara hiyo. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo ya kati ya watumwa na pembe za ndovu UNESCO, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Wazee husimulia kwamba baadhi ya miembe iliota kutokana na kokwa zilizotupwa njiani na watu wa misafara. Sado ya leo ni mjukuu wa kibaba cha enzi zile, na inaweza kumpunja mnunuzi kwa hila zilezile.

Tuchukue mfano, bei hizi ni za kufanyia hesabu tu. Muuzaji wa kwanza ana fungu la maembe 6 madogo ya kienyeji, yenye nyuzi nyingi, kwa shilingi 500. Muuzaji wa pili ana fungu la dodo 3 kwa shilingi 1,000. Mlaji mwenye haraka ataona kwamba la kwanza ni nusu ya bei na lina idadi maradufu. Lakini embe dogo la gramu 150 huwa na kokwa na ganda vinavyochukua karibu nusu ya uzito wake, ilhali katika dodo la gramu 450 nyama huweza kufikia sehemu saba kati ya kumi. Kwa hiyo fungu la kwanza linatoa nyama ya takriban gramu 450, na la pili gramu 945. Ukigawa, kilo moja ya nyama ya embe dogo inakugharimu takriban shilingi 1,110, na ya dodo takriban shilingi 1,060. Mafungu yale mawili, yaliyoonekana kutofautiana sana, kwa kweli yana bei moja. Na iwapo embe moja tu kati ya yale sita lina funza, bei ya kilo inapanda hadi shilingi 1,330 hivi. Hasara ya tunda moja bovu katika fungu dogo ni ongezeko la bei la asilimia 20, jambo ambalo wengi wetu tusingelikubali endapo muuzaji angelitamka kwa mdomo.

Si lazima kufanya hesabu hii kila siku. Mwanzoni mwa msimu, chukua fungu moja ulilonunua, upite nalo duka la jirani lenye mizani, uombe lipimwe. Fanya hivyo kwa fungu la maembe madogo na kwa fungu la dodo, kisha ukumbuke namba hizo mbili. Baada ya hapo jicho lenyewe huwa limefundishwa.

Kuhusu sado na ndoo, kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Kadiri tunda linavyokuwa kubwa ukilinganisha na chombo, ndivyo hewa inavyobaki nyingi kati ya tunda na tunda, na kati ya matunda na ukuta wa chombo. Maembe makubwa manne au matano huweza kuifanya sado ionekane imejaa, ilhali sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa tupu. Sado inafaa kwa ukwaju, furu, makusu na matunda mengine madogo. Dodo, nanasi, papai na tikiti maji vinunuliwe kwa idadi baada ya kuchagua moja moja, au kwa kilo. Unaponunua kwa sado, weka mkono ndani uguse kitako kabla haijajazwa. Hakuna utovu wa adabu katika jambo hilo likifanywa kwa uso mkunjufu.

Pale muuzaji anapotumia mizani, sheria imeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Mizani yoyote inayotumika katika biashara inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na baada ya uhakiki hubandikwa stika. Angalia stika na mwaka wake. Angalia pia kwamba kabla tunda halijawekwa mshale umesimama kwenye sifuri, na kwamba mizani imewekwa mahali tambarare na imegeuzwa upande ambao nawe unaweza kuusoma. Ikiwa matunda yanapimwa ndani ya beseni, uzito wa beseni uondolewe.

Kwa wanaonunua kwa wingi, kwa ajili ya sherehe au kuuza tena, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inaelekeza kuwa mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100. Gunia lililofungwa lumbesa, lenye kichuguu juu kilichozungushiwa kamba, ni kosa. Aghalabu anayeumia kwa lumbesa ni mkulima, kwa kuwa analipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu. Mnunuzi anayefurahia lumbesa leo huenda kesho akawa ndiye muuzaji.

Kukomaa na kuiva

Mwanzoni mwa msimu bei huwa juu, na bei hiyo huwavuta baadhi ya wachumaji kuangua maembe kabla hayajakomaa. Hapa mlaji anahitaji kutofautisha maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Kukomaa hutokea mtini: tunda linajaza nyama, kokwa inakuwa ngumu, na sukari ya baadaye inawekewa akiba. Kuiva hufuata, nako kunaweza kutokea mtini au ndani ya gunia. Embe lililokomaa likiwa bado gumu na la kijani litaiva vizuri nyumbani. Embe lililochumwa likiwa changa haliwezi kuiva. Litalainika, litasinyaa ganda na kubaki na ladha ya maji na uchachu.

Embe lililokomaa hujulikana kwa mabega yake. Tazama pale kikonyo kinaposhikana na tunda: kama mabega yamejaa na kuinuka, hata kikonyo kimeonekana kuzama kidogo katikati yake, tunda limekomaa. Kama mabega yameteremka, kikonyo kikiwa juu kama kwenye peasi, ni changa. Ukikata, nyama iliyo karibu na kokwa inapaswa kuwa imeanza rangi ya manjano, na kisu kisiweze kupita kwenye kokwa kwa urahisi. Rangi ya ganda isikudanganye, kwa maana ziko aina zinazobaki kijani hata zikiiva, na ziko zinazopata wekundu kwa sababu ya jua tu.

Njia ya hakika ni kukata moja. Mnunuzi anayetaka mafungu kadhaa anaweza kusema, baada ya salamu: “Shikamoo mama. Naomba ninunue moja kwanza, unikatie nilione ndani. Likiwa zuri nachukua mafungu mawili.” Muuzaji mwenye mali nzuri atajibu “Marahaba, mwanangu,” na kuchukua kisu. Anayeanza kwa “Mwangaluka” asubuhi, kama Wanyamwezi na Wasukuma wasalimianavyo, hufunguliwa mlango wa mazungumzo haraka zaidi, na mara nyingi hupewa nyongeza bila kuiomba. Kulipia lile tunda la kwanza ni haki ya muuzaji, hata kama hutaendelea kununua.

Si matunda yote yanayoendelea kuiva baada ya kuchumwa. Embe, ndizi, parachichi, papai na pera huendelea, kwa hiyo unaweza kununua magumu na kuyasubiri. Nanasi, chungwa, limau na tikiti maji hayaongezi utamu wowote baada ya kuondoka shambani. Yatabadilika rangi au kulainika, lakini sukari haizidi. Anayekuuzia nanasi chachu na kukuambia uliweke siku nne litakuwa tamu, anakuuzia matumaini. Nanasi linuse chini, kwenye kitako: harufu tamu ni dalili njema, harufu ya pombe ni dalili kwamba limeanza kuchacha. Tikiti maji ligeuze utafute doa pale lilipolalia ardhi. Doa la njano ni ishara ya kukaa shambani muda wa kutosha, doa jeupe ni la tunda lililoharakishwa. Chungwa la kijani lisikataliwe kwa rangi yake, kwani katika nchi zenye joto chungwa huweza kuwa tamu kabisa likiwa bado kijani. Rangi ile ya dhahabu huletwa na ubaridi wa usiku. Pima kwa uzito mkononi: kati ya machungwa mawili yanayolingana ukubwa, lililo zito ndilo lenye maji.

Kuvundika ni desturi ya siku nyingi, nayo haina madhara. Maembe yaliyokomaa hufunikwa kwa nyasi kavu, hufukiwa ndani ya majivu au hufungwa gunia, pengine na ndizi moja mbivu katikati. Matunda yenyewe hutoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo ikizuiliwa isipotee, huyaharakisha kuiva. Namna nyingine, iliyopigwa marufuku India na kukemewa na mamlaka za nchi kadhaa za Afrika, ni kutumia kabaidi, ile dawa ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Kabaidi ikikutana na unyevu hutoa gesi inayoiga kazi ya ethilini, lakini ile inayouzwa kwa mafundi huwa na mabaki ya arseniki na fosforasi. Kwa embe la Tabora linaloanguliwa asubuhi na kuuzwa mchana, hakuna faida ya kibiashara katika kufanya hivyo. Uangalifu unahitajika zaidi kwa matunda yanayosafirishwa kutoka mbali. Ukikuta maembe yote ya meza moja yana rangi ya manjano inayolingana kabisa, hayana harufu pale kwenye kikonyo, na nyama yake ni ngumu na chachu, uliza yalikotoka na yalivyoivishwa, au nenda meza nyingine.

Funza ndani ya embe

Mwaka 2003 aina mpya ya inzi wa matunda, mwenye asili ya Asia, iligunduliwa Kenya, na muda si mrefu ikaonekana Tanzania. Tangu hapo hasara ya maembe imeongezeka sana katika Afrika Mashariki. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai chini yake. Mayai huanguliwa na kuwa funza weupe wanaokula nyama toka ndani. Kwa hiyo embe huweza kuonekana zima mezani, na siku mbili baadaye likawa uji.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Tafuta kitobo kidogo kama cha sindano chenye duara jeusi au jekundu kulizunguka, au tone la utomvu lililokauka mahali pasipo na kovu jingine. Bonyeza taratibu kwa kidole gumba. Sehemu iliyolainika na kubonyea peke yake, ilhali tunda lote ni gumu, ni ya kutiliwa shaka. Fukusi wa kokwa ni jambo jingine: huyo huishi ndani ya kokwa, haonekani kwa nje, na nyama ya embe kwa kawaida huwa salama. Mlaji asimlaumu muuzaji kwa ajili yake.

Funza wa embe si sumu. Mtoto aliyemmeza hahitaji kukimbizwa hospitali. Sehemu iliyoharibika ikatwe na kutupwa, ila isitupwe uani, maana funza hao huingia udongoni na kutoka wakiwa inzi wapya, tayari kwa mwembe wako mwenyewe. Yafukie maembe mabovu kwa kina cha nusu mita au zaidi, au yafunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kuuacha juani kwa siku kadhaa.

Kuna neno pia juu ya utomvu. Ule unaotoka kwenye kikonyo huweza kuunguza midomo na ngozi ya watoto, na kuacha vipele vinavyodhaniwa kuwa ugonjwa. Kuosha embe na kulimenya kabla ya kula huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Tunda lililokatwa

Hapa ndipo kijitabu hiki kinapomwomba msomaji awe mkali. Msimu wa maembe ni msimu wa mvua, na mvua ndiyo inayosomba uchafu wa vyoo kuupeleka kwenye visima na mito. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea hadi mikoa mingi ya Tanzania Bara na Zanzibar. Tunda zima lina ukuta wake, nao ni ganda. Likishakatwa, ukuta umevunjwa, na kilichokuwa kwenye ganda, kwenye kisu, kwenye mkono na kwenye maji ya kunyunyizia kinaingia ndani.

Matunda hayalingani katika hatari hii. Embe bichi lililokatwa na kupakwa chumvi na pilipili lina uchachu unaozuia vijidudu kwa kiasi fulani. Tikiti maji na papai hayana uchachu wa kutosha. Kipande cha tikiti kilichokaa juani tangu saa nne asubuhi ni malisho mazuri kwa vijidudu. Mwongozo unaotumika mahali pengi duniani ni kwamba tunda lililokatwa lisikae zaidi ya saa mbili nje ya jokofu, na saa moja tu pale joto linapozidi nyuzi 32. Mchana wa Novemba Tabora haukawii kufika huko. Kufunika kwa nailoni huzuia inzi na vumbi, jambo ambalo ni zuri, lakini hakupunguzi joto.

Basi nunua tunda zima, au nunua linalokatwa mbele yako, kwa kisu kilichooshwa, na muuzaji ambaye hashiki fedha kwa mkono uleule unaoshika nyama ya tunda. Angalia ndoo ya kuoshea: maji yakiwa na rangi ya chai tangu asubuhi, kuosha humo ni kupaka uchafu. Nyumbani, osha tunda lote kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kulimenya, hata kama hutakula ganda, kwa sababu kisu hubeba kilicho nje na kukiingiza ndani. Sabuni ya kufulia haitakiwi. Maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya kutibu maji yanatosha.

Jambo moja zaidi, ambalo ni la mkoa huu hasa. Tabora ni nchi ya tumbaku, na shughuli za tumbaku na pamba huacha mifuko na madumu yaliyobeba viuatilifu. Usikubali matunda, wala maji ya kuoshea matunda, yaliyowekwa ndani ya chombo chenye lebo ya kiuatilifu au harufu ya dawa, hata kama umeambiwa kilioshwa mara saba. Vyombo hivyo haviwi safi kwa kuoshwa. Ukiviona vikiuzwa sokoni kama vyombo vya nyumbani, toa taarifa kwa ofisa kilimo au ofisa afya wa kata. Usimamizi wa viuatilifu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Matunda ya porini

Misitu ya miombo inayouzunguka mji hutoa makusu, ntonga, ntalali, mbula na furu, na kila moja hufika sokoni kwa wakati wake. Wageni huyapita bila kuyaona, kwa hasara yao. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, nje kidogo ya Tabora, kimeyashughulikia kwa miaka mingi pamoja na watafiti wa kilimo mseto, nao akina mama wa vikundi wamefundishwa kuyageuza kuwa juisi, jamu na mvinyo.

Mnunuzi wa matunda haya ana faida moja: ntonga lina gamba gumu kama ubao, na nyama yake haiguswi na vumbi wala inzi mpaka livunjwe. Chagua lisilo na ufa, na likitikiswa lisitoe mlio wa maji. Kula nyama na kutema mbegu, kama wenyeji wanavyofanya. Mbegu za ntonga hazitafunwi. Makusu, kinyume chake, yana ganda jepesi na huokotwa chini baada ya kudondoka, hivyo yaoshwe vizuri na yaliyopasuka yaachwe. Kwa tunda usilolijua, mwombe muuzaji ale la kwanza mwenyewe, kisha akuonyeshe kipi huliwa na kipi hutemwa. Jamu na juisi za chupa ni habari nyingine: hizo zinapaswa kuwa na jina la mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, na alama ya ubora ya TBS, shirika ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula.

Kununua kwa haraka

Tangu Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, abiria wa kwenda Kigoma, na baadaye wa Mwanza, wamenunua matunda kupitia madirishani. Ununuzi wa namna hiyo, pamoja na ule wa kwenye mabasi, una hatari yake: hakuna muda. Kikapu hupambwa kwa maembe mazuri juu, na yaliyo chini huonekana treni ikishaondoka. Tayarisha fedha ndogondogo kabla ya stesheni. Taja bei na idadi kwa sauti kabla ya kupokea chochote, omba kikapu kimiminwe ndani ya mfuko wako ukitazama, na usitoe noti kubwa ukitegemea chenji. Ikiwa gari limeanza kutembea, acha.

Pale mambo yanapoharibika

Kwa maembe mawili mabovu katika fungu, rudi kwa muuzaji siku ileile ukiwa na matunda yenyewe. Muuzaji wa barabarani hatoi risiti, na ushahidi wako ni kumbukumbu yake na yako; ukisubiri hadi kesho, hakuna atakayejua embe liliharibikia kwake au kwako. Wengi hubadilisha bila maneno, kwa kuwa mteja wa kila wiki ana thamani kuliko embe.

Kwa mizani isiyo na stika au inayotia shaka, taarifa ipelekwe ofisi ya mkoa ya Wakala wa Vipimo. Kwa bidhaa iliyofungashwa yenye maelezo ya uongo, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Andika mahali, siku, saa na alichokuambia muuzaji. Maelezo ya jumla kwamba “wauzaji wa pale ni wezi” hayamsaidii mkaguzi.

Kwa kuhara kwa ghafla na kwa maji mengi, usianze na malalamiko. Anza na mgonjwa: mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyochanganywa katika maji safi, kidogo kidogo na mfululizo, mkiwa njiani kwenda kituo cha afya, kwani mtoto mdogo huweza kuishiwa maji mwilini kwa muda wa saa chache. Akishapokelewa, mweleze ofisa afya wa kata alichokula, aliponunua na saa aliyokula. Kama kipande cha tunda kimebaki, kifunge ndani ya mfuko safi na ukikabidhi kwake.